Askofu Miles Coverdale na Mtaa Uliofutika

Katika mji wa London, nyuma ya Benki Kuu ya Uingereza, lipo kanisa la Mtakatifu Margareti, Lothbury. Si kanisa kubwa, lakini kasisi wake ana mitaa mingi kuliko wengi wa makasisi wenzake, maana kila mtaa wa jirani ulipofutwa uliunganishwa na wake. Mmoja wa mitaa hiyo iliyofutika ni ule wa Mtakatifu Bartolomayo, uliokuwa pale kwenye jumba la wafanyabiashara liitwalo Royal Exchange. Leo hapana kanisa pale wala makaburi, bali majumba ya fedha na magari. Lakini katika kanisa hilo la Mtakatifu Bartolomayo, tarehe 19 Februari 1569, alizikwa mzee wa miaka themanini hivi ambaye kila Mwanglikana ana deni kwake, ajue asijue. Huyo ndiye Miles Coverdale, na kwa kuwa habari zake zimeshikana na habari za vitabu vya ndoa na vya maziko, nitazieleza pamoja.

Coverdale alizaliwa karibu na mwaka 1488 katika nchi ya York, kaskazini ya Uingereza. Alisoma Cambridge, akaingia katika shirika la watawa wa Mtakatifu Augustino, na mwaka 1514 akapewa upadre huko Norwich. Mkuu wa nyumba yao ya Cambridge alikuwa Robert Barnes, mtu mwenye elimu na ulimi mkali. Mwaka 1526 Barnes alishtakiwa kwa uzushi, na Coverdale alikwenda naye London kumsaidia kutayarisha utetezi wake. Miaka miwili baadaye Coverdale mwenyewe aliacha mavazi ya utawa, akawa akihubiri vijijini Essex juu ya maungamo na sanamu kwa namna isiyowapendeza wakubwa. Ikambidi kuvuka bahari.

Kazi aliyoifanya huko ng'ambo ndiyo iliyompa jina. Wakati huo William Tyndale alikuwa amekwisha kufasiri Agano Jipya kwa Kiingereza, na sehemu ya Agano la Kale, lakini alikamatwa mwaka 1535 kabla ya kumaliza, na mwaka 1536 akanyongwa na mwili wake kuchomwa moto huko Vilvoorde. Coverdale alikuwa Antwerp, na mfanyabiashara mmoja wa mji huo, Jacob van Meteren, alimpa fedha za kazi. Tarehe 4 Oktoba 1535 Biblia nzima kwa lugha ya Kiingereza ilimalizika kupigwa chapa kwa mara ya kwanza.

Wajuzi husema, nao husema kweli, kwamba Coverdale hakuwa bingwa wa Kiebrania wala Kiyunani kama Tyndale. Yeye mwenyewe hakujificha. Alieleza wazi kwamba amefuata wafasiri watano waliomtangulia, wa Kilatini na wa Kijerumani, na Tyndale akiwa mmoja wao. Sisi walimu tumewaona wanafunzi wa namna zote mbili: yule anayevumbua, na yule anayekusanya kazi za wengine akazipanga zikasomeka. Coverdale alikuwa wa namna ya pili. Tena alikuwa na sikio. Alijua sentensi itakayosomwa kwa sauti kanisani lazima iwe na mwendo, hata msomaji apate mahali pa kuvuta pumzi. Ndiyo maana Zaburi zake zilidumu. Kitabu cha Sala cha Kiingereza kilipotengenezwa, Zaburi zilizotumika zilikuwa zile za Coverdale, na hata kilipotengenezwa upya mwaka 1662, Biblia mpya ya mwaka 1611 ikiwa imekwisha kuenea, watu hawakukubali kuziacha. Katika Kitabu hicho zimo mpaka leo.

Sasa nifike kwenye jambo la vitabu vya mtaa. Waziri mkuu wa Mfalme Henry wa Nane siku hizo alikuwa Thomas Cromwell, naye alimpenda Coverdale na kumlinda. Mwezi Septemba 1538 Cromwell alitoa amri kwa makasisi wote wa nchi. Katika amri hiyo moja yalikuwamo mambo mawili ambayo watu wengi huyasoma mbalimbali. La kwanza, kila kanisa la mtaa liweke Biblia kubwa ya Kiingereza mahali ambapo kila mtu ataweza kuisoma. La pili, kila mtaa uwe na kitabu cha kuandika kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko. Kitabu hicho kilipasa kuwekwa katika kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na wa pili kwa wazee wa kanisa, ili asiwepo mmoja wa kukichezea peke yake. Kila Jumapili kasisi aandike mbele ya mzee mmoja habari za juma lililopita, na akisahau, faini shilingi 3 na peni 4, ambazo zilitumika kutengeneza kanisa.

Watu walinung'unika. Wengi waliamini kwamba serikali inataka kuwahesabu ili iwatoze kodi ya kuoa na kuzika, na ukweli ni kwamba serikali yo yote ikianza kuandika majina ya watu, watu wana haki ya kuuliza kwa nini. Lakini kodi ile haikutokea wakati huo, na faida ilionekana polepole. Kabla ya hapo, mwanamke aliyefiwa na mume na kunyang'anywa shamba na shemeji zake hakuwa na ushahidi ila vinywa vya majirani, na majirani hufa, au hununuliwa. Baada ya hapo palikuwa na mstari katika kitabu. Tajiri na maskini, kila mmoja mstari wake. Wengi wa watu wa Uingereza wa karne ile hawakuacha alama nyingine duniani ila mistari hiyo mitatu, na wengine walipata miwili tu, kwa kuwa walikufa wangali wachanga.

Biblia ile kubwa ya makanisani nayo alipewa Coverdale kuitengeneza. Kwa kuwa mitambo ya Paris ilikuwa bora kuliko ya London, kazi ilianza huko mwaka 1538. Mwezi Desemba wakaguzi wa mambo ya uzushi wakaivamia, Coverdale na wenzake wakaponea chupuchupu, na karatasi nyingi zilizokwisha kupigwa chapa zikakamatwa ili zichomwe. Lakini afisa mmoja mwenye tamaa aliuza mapipa manne ya karatasi hizo kwa muuza kofia azifungie bidhaa zake. Waingereza wakazinunua tena. Kisha wakahamisha mitambo, herufi na mafundi kwenda London, na mwezi Aprili 1539 Biblia Kuu ikatoka. Wazee wetu waliokumbuka hadithi za Askofu Steere na mtambo wake wa chapa huko Unguja wangeielewa vizuri habari hii. Agano Jipya la Kiswahili la Steere lilitoka mwaka 1879, na Biblia nzima mwaka 1891, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Ukifikiri juu ya kuyatafsiri Maandiko, fikiri pia juu ya herufi za risasi, wino, na meli ya kuzibeba.

Mambo yaligeuka upesi. Mwaka 1539 ilipitishwa Sheria ya Vifungu Sita, ambayo pamoja na mengine ilikataza kabisa makasisi kuoa, kwa adhabu kali. Tarehe 28 Julai 1540 Cromwell alikatwa kichwa. Siku mbili baadaye Robert Barnes, yule mkuu wa zamani wa Coverdale, alichomwa moto. Coverdale akakimbia tena, na safari hii hakukimbia peke yake. Alikuwa amemwoa Elizabeth Macheson, mwanamke wa Scotland, ambaye naye alikuwa amekuja Uingereza mkimbizi pamoja na dada yake na shemeji yake.

Tazama basi ajabu yake. Mtu aliyetengeneza Biblia ya amri ile ya Cromwell hakuweza kuandikwa katika kitabu cha ndoa cha amri hiyo hiyo. Ndoa ya kasisi ilikuwa kosa. Kuiandika ingekuwa kuandika hati ya mashtaka. Elizabeth alikuwa mke wake mbele ya Mungu na mbele ya rafiki zao, lakini mbele ya sheria ya Uingereza alikuwa si kitu. Makasisi wengi wa wakati ule waliishi hivyo, na mzigo mzito zaidi ulikuwa juu ya wanawake. Mume akikamatwa, mke hakuwa na dai lo lote. John Rogers, aliyekuwa mwenzao huko Antwerp na aliyetoa Biblia ya mwaka 1537, aliomba kabla ya kuchomwa moto aruhusiwe kusema na mkewe, mama wa watoto wake kumi na mmoja. Askofu Gardiner aliyemhukumu alikataa, kwa hoja kwamba mwanamke huyo hakuwa mke wake. Wakaonana njiani tu, Rogers akipelekwa Smithfield.

Coverdale na Elizabeth walikaa Strasbourg miaka mitatu hivi. Kisha mwaka 1543 akapewa kazi katika mji mdogo wa Ujerumani uitwao Bergzabern, kuwa msaidizi wa mchungaji na mkuu wa shule ya mji. Waandishi wengi wa maisha yake huipita miaka hii kwa sentensi moja. Mimi naitazama kwa heshima. Mtu ambaye Biblia yake ilikuwa makanisani mwa nchi nzima alikaa akiwafundisha watoto wa mji mdogo Kilatini, kwa mshahara mdogo, huku kwao mwaka 1546 vitabu vyake vikipigwa marufuku na kuchomwa. Aliendelea kutafsiri vitabu vya wengine usiku. Mwalimu ye yote aliyewahi kusahihisha madaftari kwa taa ya mafuta atakijua kipindi hicho cha maisha yake bila kuelezwa sana.

Mfalme Henry alikufa mwaka 1547, na Coverdale akarudi mwaka uliofuata. Sasa aliheshimiwa. Alihubiri katika maziko ya Catherine Parr, mjane wa mfalme, mwaka 1548. Mwaka 1549 sheria iliwaruhusu makasisi kuoa, na Elizabeth akawa mke halali baada ya miaka kama tisa ya ndoa.

Lakini mwaka huo huo pana jambo ambalo sipendi kulificha. Watu wa Cornwall na Devon waliasi kwa sababu ya Kitabu kipya cha Sala cha Kiingereza, wakauzingira mji wa Exeter. Moja ya manung'uniko ya watu wa Cornwall lilikuwa kwamba wengine kati yao hawakijui Kiingereza, maana walikuwa na lugha yao wenyewe. Serikali ikapeleka jeshi, na maelfu ya watu wakauawa. Coverdale alifuatana na jeshi hilo kama mhubiri. Yeye aliyehatarisha roho yake ili mkulima wa Kiingereza asikie Neno kwa lugha ya mama yake, alisimama upande wa waliomtia mkulima wa Cornwall lugha ya mwingine kwa upanga. Labda aliona uasi tu, wala hakuona lugha. Kwetu sisi, ambao tunasali kwa Kiswahili katika mitaa yenye wazee wa Kigogo, Kisambaa, Kitaita au Kimakonde, ni vigumu kutoliona.

Mwaka 1551 alifanywa Askofu wa Exeter, katika nchi ile ile. Alisifiwa kuwa mtu wa kiasi na mkarimu, na Elizabeth kuwa mke wa staha, ingawa wengi hawakumpenda askofu kwa ajili ya mafundisho yake, na bila shaka kwa ajili ya yale ya 1549.

Miaka miwili tu, mfalme kijana Edward akafa. Malkia Mary akarudisha mambo ya zamani, makasisi wenye wake wakafukuzwa kazini, na Coverdale akaondolewa uaskofu, akazuiliwa asiondoke nchini. Kila mtu alitazamia mwisho wake uwe kama wa wenzake. Kilichomwokoa ni ile ndoa isiyoandikwa popote. Dada yake Elizabeth, jina lake Agnes, alikuwa ameolewa na John Macalpine, mwanachuoni wa Scotland ambaye sasa alikuwa mwalimu wa teolojia huko Copenhagen na mtu wa karibu wa Mfalme Christian wa Tatu wa Denmark. Macalpine alimwendea mfalme kwa ajili ya shemeji yake. Mfalme akamwandikia Malkia Mary. Malkia akajibu kwamba Coverdale anadaiwa fedha tu za uaskofu wake. Mfalme akaandika tena, na mwezi Februari 1555 Coverdale akapata ruhusa ya kwenda Denmark na watumishi wawili. Mwezi huo huo, tarehe 4, John Rogers alikuwa amechomwa moto, wa kwanza wa mashahidi wa wakati wa Mary.

Baadhi ya wanahistoria hudhani mmoja wa watumishi hao wawili alikuwa Elizabeth mwenyewe. Ikiwa ndivyo, basi aliandikwa mtumishi kwa kuwa neno mke lisingeweza kuandikwa.

Wakatangatanga tena: Denmark, Wesel, Bergzabern kwa mara ya pili, Aarau, na mwisho Geneva, ambako mwaka 1558 Coverdale alisimama baba wa ubatizo wa mtoto wa John Knox. Mwaka 1559, Elizabeth wa Kwanza akiwa amekalia kiti, mzee alirudi nyumbani akiwa na miaka sabini na zaidi.

Tarehe 17 Desemba 1559, katika kanisa dogo la jumba la Lambeth, maaskofu wanne walimwekea mikono Matthew Parker awe Askofu Mkuu wa Canterbury. Coverdale alikuwa mmoja wao. Wengine walivaa mavazi ya ibada, yeye alivaa joho jeusi la kawaida. Kutoka kwa Parker, mkono kwa mkono, umetoka uaskofu wa Canterbury na wa majimbo yaliyozaliwa kwake, hata huku kwetu, kwa Steere na Tozer na Hannington na waliowafuata. Askofu wetu anapomwekea kijana mikono katika kipaimara, mikono ya mzee yule wa joho jeusi imo katika mnyororo huo.

Hakuutaka tena uaskofu. Mwaka 1564 akakubali mtaa mmoja tu, wa Mtakatifu Magnus, karibu na daraja la London. Alikuwa maskini hata akaomba asamehewe malipo ambayo kila kasisi mpya alipaswa kumlipa malkia, zaidi ya paundi 60, akieleza umri wake, akasamehewa. Mwaka 1566 serikali iliposisitiza juu ya mavazi ya ibada, alijiuzulu. Mimi nimezoea kanzu na stola na sioni dhambi yake, lakini mtu aliyefukuzwa nchi mara tatu hawezi kuambiwa amekosa ujasiri.

Katika miaka hiyo vitabu vya mtaa hatimaye vilimpata. Mwanzoni mwa Septemba 1565 Elizabeth alifariki, na tarehe 8 akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli, Paternoster Royal. Baada ya miaka ishirini na mitano ya kukimbizwa, kufichwa na kuhesabiwa si kitu, jina lake likaandikwa kitabuni. Tarehe 7 Aprili 1566, katika kanisa hilo hilo, Coverdale alimwoa mke wa pili, Katherine. Alikuwa na miaka kama sabini na minane. Wapo watakaocheka, lakini mzee mpweke anahitaji mtu wa kumpa uji na kumsikiliza. Na ndoa hii ilifungwa mchana, kanisani, ikaandikwa kama ya mtu mwingine ye yote.

Alifariki mapema mwaka 1569. Watu wengi sana walifuata jeneza mpaka Mtakatifu Bartolomayo, akazikwa upande wa altare. Moto mkubwa wa mwaka 1666 uliteketeza makanisa ya mitaa 87 ya London, na hilo likiwamo, pamoja na la Mtakatifu Magnus na la Mtakatifu Mikaeli. Yote matatu yalijengwa tena. Lakini karne zilivyopita watu walihama katikati ya mji, nyumba zikageuka maofisi, na siku ya Jumapili makasisi wakahubiria viti. Royal Exchange ilipoungua mwaka 1838, wajenzi wa jumba jipya walitaka nafasi. Kanisa la Mtakatifu Bartolomayo likabomolewa mwaka 1840, na mtaa wake ukaunganishwa na wa Lothbury. Mawe yake yalipelekwa kujenga kanisa jingine la jina hilo huko Moor Lane, nalo likabomolewa mwaka 1902.

Mifupa ya Coverdale ilihamishiwa Mtakatifu Magnus, kwenye mtaa aliouacha kwa ajili ya mavazi. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli liliharibiwa na bomu mwaka 1944, likatengenezwa, na tangu mwaka 1968 likawa kwa miaka mingi makao ya ile misheni ya mabaharia ambayo watu wa Mombasa wanaijua.

Na vitabu? Mitaa ilifutwa lakini vitabu havikufutwa. Vilikusanywa katika maktaba ya Guildhall, na baadaye katika nyumba ya kumbukumbu za mji wa London, ambako vimehifadhiwa. Mitaa ambayo haina tena jiwe juu ya jiwe bado ina kurasa zake: bwana fulani na bibi fulani, tarehe, mwaka. Watu hutoka Marekani na Australia kutafuta humo babu zao, mafundi viatu na wauza samaki waliofunga ndoa mbele ya altare ambayo leo ni sakafu ya benki.

Sakristia ya mtaa wetu nayo ina kabati la vitabu hivyo. Cha ndoa cha zamani kuliko vyote jalada limeachia, na kurasa za mbele mchwa wamekwisha kuzionja. Fundi wa kujalidi vitabu bado yupo mjini, na mzee wa kanisa anayeshika ufunguo wa kabati anapatikana kila Jumapili baada ya ibada ya pili.